Uzi: Kushona mavazi ya katuni ya Halloween — masikio yasiyolala, mkia usiovuta suruali

#1 SindanoTisini (Kisumu)

Wadau, Oktoba imeingia na maswali ni yaleyale ya kila mwaka, basi tuyaweke mahali pamoja. Halloween ni tarehe 31. Ukianza kukata kitambaa tarehe 28, utaishia kununua kinyago cha plastiki. Jipe wiki mbili: moja ya kutafuta vitambaa, moja ya kushona.

Msimamo wangu niutoe mapema. Mhusika wa katuni hutambulika kwa umbo la kichwa na mpangilio wa rangi, basi. Mtu aliyesimama hatua kumi haoni pindo la mkono. Mickey ni duara mbili nyeusi, kaptura nyekundu yenye vifungo viwili vyeupe, glavu nyeupe, viatu vya njano. Pikachu ni njano kila mahali, masikio marefu yenye ncha nyeusi, mashavu mekundu, mkia wa radi. Ukikosea masikio, hakuna kaptura itakayokuokoa. Kwa hiyo jasho lako limwage kwenye kichwa na mkia. Mwili uwe nguo nyepesi ya kawaida ya rangi inayotakiwa.

Nitachukua Pikachu wa mtoto wa miaka 7 hivi, kwa sababu ana kila tatizo.

Mwili: fulana ya mikono mirefu na suruali ya mpira kiunoni, zote za pamba, njano. Mitumba zipo, lakini chukua fulana na suruali siku moja na uziweke pamoja juani, maana njano mbili zinazofanana ndani ya kibanda huwa tofauti kabisa nje. Mistari miwili ya kahawia ya mgongoni ikate kwa felti na uishone kwa mkono. Gundi ya moto hung'oka mtoto akijinyoosha.

Kichwa: hudi (kofia ya kufunika kichwa hadi shingoni) ya vipande vitatu, yaani pande mbili na ukanda wa katikati. Hudi ya vipande viwili hutoa kilele nyuma kama koni. Pima kutoka paji la uso mpaka kisogoni ukipitia utosini. Huo ndio urefu wa ukanda. Upana wa ukanda uwe inchi 4, na uongeze nusu inchi kila upande ya mshono. Hapo ndipo siri ilipo: masikio yanaingia ndani ya mishono hiyo miwili, na yanapata nafasi sahihi bila kupimapima.

Sikio: urefu inchi 10, kitako inchi 3 na nusu, ncha nyeusi inchi 3. Usikate umbo la sikio kisha uhangaike kuunga weusi. Unga kwanza vipande vya flisi (kile kitambaa laini cha blanketi) nyeusi na njano, kunja nje kwa nje, weka kielelezo cha karatasi juu, shona kwenye mstari, halafu ndipo ukate ukiacha robo inchi. Mistari ya rangi itakutana yenyewe. Geuza, ingiza sponji ya nusu inchi iliyokatwa ndogo kuliko kielelezo kwa robo inchi pande zote. Kisha kunja kitako mkunjo mmoja katikati ili inchi 3 na nusu zibaki 2 na nusu. Karatasi bapa huinama, karatasi yenye mkunjo husimama. Sikio ni vilevile.

Kiasi: blanketi moja ndogo ya flisi ya mitumba, kama inchi 50 kwa 60, inatoa hudi, masikio na mkia, na kipande kinabaki.

#2 MamaPacha_Nyalenda

Asante fundi. Swali: masikio yanasimama vizuri mezani, lakini mtoto akivaa hudi yanalala nyuma na kuivuta hudi mpaka shingoni. Tatizo ni sponji?

#3 FundiKibuye

Mama Pacha, mara nyingi sponji haina kosa. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, mahali. Watu huweka masikio utosini kabisa. Yasogeze mbele inchi 1 kutoka sehemu ya juu zaidi ya kichwa. Uzito ukiwa nyuma ya utosi, hudi lazima itelemke.

Pili, hudi ni pana mno. Pima mzunguko wa kichwa juu ya nyusi. Kama ni inchi 20 na nusu, hudi ikizidi inchi 22 hapo itaogelea. Pitisha mpira wa robo inchi kwenye pindo la mbele, kutoka sikio hadi sikio kupitia paji la uso, uvute kidogo tu.

Tatu, bitana. Flisi tupu hunyooka pale sikio linaposhikilia, shimo linalegea. Kata bitana ya poplini yenye vipande vilevile vitatu na ubandike stifu ya pasi (kitambaa cha kukazia kinachogandishwa kwa pasi) kwenye ukanda wa katikati wa bitana hiyo. Kwenye poplini, si kwenye flisi! Flisi ni polista, pasi yenye moto wa kushika stifu huiyeyusha na kuacha alama inayong'aa. Ukishona sikio, piga mshono mara mbili ukishika flisi na bitana pamoja.

Na usifunge kamba shingoni kuishikilia hudi. Velkro ya inchi 1 chini ya kidevu, inayoachia ikivutwa, inatosha.

#4 Kukanyaga_Kakamega

Mimi nashona vazi la shujaa wa katuni, la laikra la kubana mwili. Cherehani ni ya kukanyaga, mshono wa kunyooka tu. Uzi unaruka, na pale ulipokubali kushona, mshono unakatika nguo ikivutwa. Niache?

#5 SindanoTisini (Kisumu)

Usiache. Hayo ni matatizo mawili tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Kuruka kwa uzi ni sindano. Sindano ya kawaida ni kali, hupasua nyuzi za laikra na kitambaa hupanda nayo, kwa hiyo kitanzi hakitengenezwi na ndoano ya chini inapita patupu. Tafuta sindano ya ncha butu ya vitambaa vya kuvutika, namba 75/11, au 90/14 kama laikra ni nene. Iwe mpya. Kama kitambaa kinamezwa na tundu la sahani, weka karatasi nyembamba chini yake, shona pamoja, kisha ichane. Usitumie gazeti, wino wake hushika kwenye laikra nyeupe.

Kukatika ni kwa sababu mshono ulionyooka hauna akiba: kitambaa kinanyooka, uzi haunyooki. Tumia uzi wa polista, acha ule wa pamba. Fupisha mshono hadi kama 12 kwa inchi, na unaposhona kivute kitambaa sawasawa mbele na nyuma ya mguu wa cherehani, kidogo tu. Kikirudi, uzi unakuwa na ziada ndani yake. Pitisha mshono wa pili pembeni, umbali wa moja ya nane ya inchi. Sehemu zitakazovutwa sana, yaani msamba na kwapa, peleka kwa mwenye ovaloki (cherehani ya kufunga kingo) sokoni. Ni dakika chache za kazi yake.

#6 BaridiYaMolo (Nakuru)

Naona mnatumia flisi kichwani tu. Huku kwetu jioni ya mwisho wa Oktoba ukimvalisha mtoto fulana ya pamba utamrudisha na mafua. Shona ovaroli nzima ya flisi, ndiyo inayoonekana kama katuni hasa. Mwili wa pamba unaonekana kama nguo ya kulalia yenye masikio.

#7 FundiKibuye

Ndugu yangu wa Molo, hatugombani, tunaishi hali ya hewa tofauti. Ovaroli ya flisi Kisumu, ndani ya ukumbi, na watoto wanaruka? Dakika ishirini mtoto amelowa jasho na zipu iko wazi mpaka kitovuni. Flisi huku iwe kichwani, kwenye mkia na viganja vya mikono. Nakuru na Molo, shona nzima, nakubaliana nawe.

#8 BaridiYaMolo (Nakuru)

Sawa. Basi kwa wale wa huku juu, kosa linaloharibu ovaroli nyingi ni kupima urefu peke yake. Kipimo kinachoamua ni mzunguko wa kiwiliwili: weka futi begani, ishushe mbele, ipitishe katikati ya miguu, ipande nayo mgongoni mpaka begani palepale. Ongeza inchi 4 kwa kitambaa kisichovutika, inchi 2 hadi 3 kwa flisi. Bila hiyo, mtoto akisimama inakaa vizuri, akichuchumaa mshono wa msamba unalia.

Zipu iwe mbele, kutoka shingoni mpaka inchi 3 hivi chini ya kiuno. Picha za mitandaoni huiweka nyuma ili isionekane, lakini mtoto hawezi kuifungua mwenyewe chooni. Ifiche kwa ulimi wa kitambaa wa inchi 1 na nusu upande wa ndani, ambao pia huzuia zipu kung'ata ngozi.

Flisi ishonwe kwa mshono mrefu, 8 kwa inchi. Legeza pia kidude cha juu kinachokandamiza mguu wa cherehani. Kikikaza sana, tabaka la juu husukumwa mbele, la chini linabaki, na mshono unatoka na mawimbi kama sketi ya marinda.

#9 Mjukuu_wa_Luanda

Hivi hii Halloween ni yetu? Tangu lini tukaanza kuvaa mashetani?

#10 SindanoTisini (Kisumu)

Asili yake ni Ireland na Uskoti, waliochonga taa kwenye mizizi ya tanipu kabla Marekani haijawapa maboga. Hapa tunashona Mickey, shetani hayumo. Vazi lilelile litavaliwa kwenye sherehe ya kuzaliwa na siku ya burudani shuleni. Tuendelee na mkia.

Mkia wa radi ukishonwa moja kwa moja kwenye suruali, uzito huvuta kiuno chini na mtoto anatembea ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mkia ushikwe na mkanda, si na nguo. Chukua utepe wa mkanda wa begi, upana inchi 1 na nusu, weka velkro ya inchi 4 mbele. Nyuma shonea kipande cha jinzi cha inchi 4 kwa 5, na mkia ushonwe kwenye jinzi hiyo kuzunguka pande zote nne. Mkanda unavaliwa ndani, mkia unatokea kwenye tundu la inchi 5 lililopigwa pindo nyuma ya fulana. Mwenzake akiukanyaga mkia, velkro inaachia. Mtoto haanguki, kitambaa hakichaniki.

Mkia wenyewe uwe kama inchi 16. Sponji mbili za nusu inchi, katikati plastiki iliyokatwa kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5. Plastiki ina mkunjo. Itumbukize kwenye maji ya moto kisha ilaze chini ya kitu kizito mpaka ipoe. Zungusha kona zake kwa mkasi na uzifunike kwa tepu. Waya usitumie, hata kama ni rahisi kupinda. Ncha ya waya itatoka, na itatoka usawa wa jicho la mtoto mwingine.

Kona za radi: kona ya ndani ichanje mpaka ibaki kama unyuzi mmoja kufika kwenye mshono, la sivyo itajikunja ukigeuza. Kona ya nje punguza kitambaa kwa mshazari ili isijae.

#11 Saiba_na_Mkasi (Kisumu)

Nyongeza kuhusu patani (vielelezo vya kukatia kitambaa) za kupakua mtandaoni. Nyingi zimetengenezwa kwa karatasi ya Letter ya Marekani, inchi 8.5 kwa 11. Sisi tunachapisha kwenye A4, ambayo ni nyembamba kidogo na ndefu kidogo. Wa saiba akiacha mashine yake itoshee ukurasa, patani inapungua bila wewe kujua, na hudi inamwishia mtoto juu ya masikio. Mwambie achapishe kwa asilimia 100. Patani nzuri ina kisanduku cha kupimia, mara nyingi cha inchi 1. Kipime palepale kwenye kaunta kabla ya kulipia kurasa zote.

Namba za umri za huko pia zisikudanganye. Pima mtoto, soma jedwali la inchi, chagua kwa kifua na mzunguko wa kiwiliwili.

#12 MamaPacha_Nyalenda

Na glavu za Mickey? Nimeshona mbili, zote kati ya vidole kuna mikunjo na moja imetoboka.

#13 FundiKibuye

Glavu za Mickey zina vidole vitatu na gumba. Hiyo ni bahati yako: kidole cha mwisho na cha pete vinaingia pamoja, na mianya inapungua. Chora mkono wa mtoto vidole vikiwa vimetanuliwa, ongeza nusu inchi kuzunguka, maana katuni ina mikono minene.

Mkunjo na tundu huzaliwa mahali pamoja, pale kati ya vidole. Usigeuze cherehani kwenye ncha ya V. Ukifika chini ya mwanya piga mishono miwili ya kulala, kisha panda upande wa pili, yaani V iwe na kitako kama U nyembamba. Pitia sehemu hiyo mara mbili kwa mshono mfupi. Halafu chanja katikati ya mishono ile miwili mpaka karibu uguse uzi. Usipochanja inakunjamana, ukichanja V kali inatoboka. Mistari mitatu myeusi ya mgongo wa glavu idarizi au uichore kabla ya kushona pande mbili pamoja, wakati kitambaa bado ni bapa.

Kaptura nyekundu ifue peke yake kabla ya kuweka vifungo vyeupe. Poplini nyekundu ya bei nafuu humwaga rangi, na vifungo vya waridi si vya Mickey.

#14 Kukanyaga_Kakamega

Laikra imekubali! Sindano ndiyo ilikuwa mchawi. Sasa nauliza: kuna anayejua kutengeneza kichwa kizima cha duara, cha mtu mzima, kile cha kuvaa kama chungu? Nimekata vipande vya pembetatu nikaviunga, kimetoka kama kitunguu.

#15 SindanoTisini (Kisumu)

Kitunguu kinatoka kwa sababu pembetatu ina kingo zilizonyooka. Kipande cha duara lazima kiwe na tumbo, kama kipande cha chungwa.

Tuseme unataka kichwa chenye mzunguko wa inchi 60, yaani kipenyo kama inchi 19. Gawanya kwa vipande 8. Kila kimoja kina upana wa inchi 7 na nusu katikati, na urefu wa nusu ya mzunguko, inchi 30, ncha hadi ncha. Chora mstari wa katikati, kisha kutoka kiunoni mwa kipande, pale penye upana mkubwa, kwenda juu weka alama hizi: ukipanda inchi 7 na nusu, upana ni inchi 5.3, ukipanda inchi 10, upana ni 3 na robo tatu, ukipanda 12 na nusu, upana ni kama 1.9, inchi 15 ndiyo ncha. Unganisha alama kwa mkunjo laini. Upande wa chini ni vilevile, ila kata inchi 5 za mwisho. Hapo unapata mlango wa kipenyo cha inchi 9 na nusu, na kichwa cha mtu mzima kinapita.

Sponji ya nusu inchi, kipande cha futi 3 kwa 6, kinatosha vipande vyote na masikio. Kingo zinagusana uso kwa uso, hakuna kupandishana, kwa hiyo usiongeze ya mshono. Waulize mafundi wa viti pale soko la Kibuye mabaki yao kabla ya kununua mpya.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Paka kingo zote mbili, subiri dakika tano, paka tena kwa sababu sponji hunywa mkono wa kwanza. Subiri mpaka isishike kidole, ndipo ubane. Ikishika imeshika, hakuna kurekebisha, kwa hiyo weka alama za kalamu kila inchi 5 pande zote mbili ili zikutane. Fanyia nje, mbali na jiko, na kiache kichwa kikae siku nzima kabla mtu hajaingiza pua ndani.

Ndani weka kofia ya ujenzi, uishikize kwa vipande vya sponji pande nne. Bila hiyo kichwa kinageuka kushoto na mtu anabaki anatazama giza.

#16 FundiKibuye

Macho ya kichwa hicho: wavu wa mbu wa dirishani. Ndani upake mweusi, nje rangi ya jicho kwa kugusagusa na kipande cha sponji kilichokaribia kukauka, ili matundu yasizibe. Mchana aliye ndani anaona vizuri na wa nje haoni kitu. Usiku aliye ndani haoni vizuri pia! Kwa hiyo kichwa kizima kiwe cha watu wazima, na awepo mtu wa kumshika mkono. Watoto waachiwe uso wazi, hudi inatosha.

Kingine, moto. Flisi, laikra, sponji na manyoya bandia havichomeki tu, vinayeyuka na kugandia ngozi. Boga lenye mshumaa mlangoni na mkia wa sponji ni majirani wabaya. Weka tochi ndogo ya betri ndani ya boga. Na stima zikipotea katikati ya sherehe, kama tunavyozijua, iwepo taa ya kuchaji. Mishumaa isiwashwe karibu na watoto waliovaa.

#17 BaridiYaMolo (Nakuru)

Manyoya bandia umeyataja, basi niongeze: yakatwe kwa wembe kutoka upande wa nyuma, ukipasua ngozi ya kitambaa tu. Mkasi hukata nywele na mshono utaonekana kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Vipande vyote vielekee upande mmoja, nywele zikishuka chini. Ukimaliza kushona, vuta kwa sindano nene nywele zilizobanwa ndani ya mshono, na mshono unapotea kabisa.

#18 MamaPacha_Nyalenda

Nimekosa njano. Nina tracksuti nyeupe, naweza kuitia rangi ya pakiti?

#19 Saiba_na_Mkasi (Kisumu)

Kata uzi mdogo ndani ya pindo, uchome kwa kiberiti ukiushika kwa kibano. Ukiacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, ni pamba: rangi ya pakiti itashika, fuata maelezo yake na usisahau chumvi. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, ni polista. Rangi ya kawaida itaondoka ukifua mara ya kwanza. Ikiwa ni mchanganyiko, itatoka njano ya maziwa. Kumbuka uzi ulioshonea nguo mara nyingi ni polista, kwa hiyo mishono itabaki myeupe. Si mbaya, ila ujue mapema.

#20 Kukanyaga_Kakamega

Duara limetoka duara. La mwisho: mvua ya jioni ikinyesha juu ya kichwa hiki?

#21 FundiKibuye

Sponji itakunywa maji na kichwa kitakuwa kizito kama debe. Msimu huu mvua ya jioni ni ya kutarajiwa, kwa hiyo kisafirishe ndani ya gunia kubwa la plastiki. Kikilowa, usikikamue kwa kukisokota, maungio yataachia. Kibonyeze kwa taulo, kitoe kofia ya ujenzi, kisha kiweke kichwa chini mlango juu mahali penye upepo. Usikianike juani, jua kali hulegeza gundi ile. Kinaweza kuchukua siku mbili. Kikinuka jasho, nyunyiza maji na siki kiasi sawa kwa ndani, jioni, na kitakauka usiku.

#22 Kukanyaga_Kakamega

Nimepata gunia la mbolea, limeoshwa. Kinaingia, masikio ndiyo yamegoma.

#23 SindanoTisini (Kisumu)

Masikio yatie velkro kwenye kitako, inchi 2 kwa 3, uyabandue njiani.